Baba saba wamehesabiwa, mama zao wako wapi?

*MAKALA MAALUMU*
*Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam*

Kilwa Kivinje, saa kumi alasiri. Mchanga ulikuwa umeshasawazishwa juu ya kaburi la babu. Mwalimu alichuchumaa upande wa kichwani, tayari kusoma talkini, maneno anayosomewa marehemu kaburini baada ya kuzikwa, kisha akageuka kututazama.

"Mama yake nani?"

Tulikuwa wanaume zaidi ya hamsini. Wengine kati yetu wangeweza kumtaja marehemu kwa baba yake, babu yake, baba wa babu yake, hadi wa saba, bila kukwama. Hakuna aliyejibu. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Sisi tulikuwa tunamwita Bi Mkubwa." Mwalimu akangoja kidogo. Bi Mkubwa si jina, ni heshima anayopewa kila mwanamke mzee wa nyumba.

Basi akafanya kama alivyofundishwa na walimu wake wa Kishafii: mama asipojulikana, marehemu hunasibishwa na mama wa watu wote. Babu yangu, aliyeishi zaidi ya miaka 90 katika mji aliozaliwa, akaitwa kaburini mwana wa Hawa.

Wapo masheikh wasioikubali talkini, na huo ni mjadala wa wenye elimu yake. Mimi nilirudi Dar es Salaam na lile swali. Wiki chache baadaye mhariri akanipa kazi ya kufuatilia maonesho makubwa ya nasaba yanayofanyika Marekani, nieleze yanamhusu vipi msomaji wa hapa. Sikuhitaji kuambiwa nitafute nini.

Siku 3 za mababu

Maonesho hayo yanaitwa RootsTech. Yalianza mwaka 2011 katika mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah, na hufanyika kila mwaka kwa siku 3, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, katika kumbi za Salt Palace. Anayefika ukumbini hulipa kiingilio. Anayeyafuata kwa intaneti halipi kitu. Mwaka 2021, korona ilipofunga kumbi, yalifanyika kwa intaneti pekee na yakavuta watu zaidi ya milioni 1.

Kwao kunakucha wakati kwetu jua linazama, maana tofauti ya saa ni 10. Kwa hiyo niliyahudhuria usiku, sebuleni kwa shangazi yangu Magomeni, kompyuta juu ya meza ya chai na bando la wiki nililolinunua kwa ajili ya kazi hiyo. Shangazi alikuwa bado juu ya msala wake baada ya Magharibi, akivuta tasbihi na kusikiliza bila kugeuka.

Wenzetu wamelifanya jambo la wazee kuwa soko na shule kwa pamoja. Upande mmoja kuna mabanda ya kampuni kama Ancestry na MyHeritage, zinazouza kumbukumbu na vipimo vya vinasaba. Upande mwingine kuna madarasa: kusoma mwandiko wa Kijerumani cha kale, kumsaka babu wa Kiairishi kwenye orodha za abiria wa meli, kumhoji mzee bila kumchosha. Somo la kwanza ni lilelile kwa wote: anza na wewe, panda kwa wazazi wako, kisha wazazi wao, na usiruke hata ngazi moja.

Kipo kipengele kimoja kinachopendwa kuliko vyote. Ukishajisajili, kinakuonyesha washiriki wengine wa maonesho walio ndugu zako, kwa mujibu wa mti wa ukoo uliomo kwenye hifadhidata yao. Watu hupita ukumbini wakionyeshana simu, wageni waliokutana asubuhi ile wakigundua kuwa babu yao wa kumi ni mmoja.

Nikajaza jina langu, la baba, la babu. Ndugu: hakuna.

"Hao hawana ndugu zetu, mwanangu," alisema shangazi. "Ndugu zetu wako Somanga na Pande."

Mlima uliojaa majina

Mwenye maonesho ni FamilySearch, taasisi ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao wengi wetu tunawaita Wamormoni. Kazi yake ilianza mwaka 1894 kama chama cha nasaba cha Utah. Kuanzia mwaka 1938 walipeleka kamera katika nchi nyingi kupiga picha vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Kanda zenyewe zimehifadhiwa ndani ya mlima wa mwamba mgumu karibu na Salt Lake City, kwenye mahandaki yaliyochimbwa miaka ya 1960. Mwaka 2021 walimaliza kuziingiza kwenye kompyuta kanda zipatazo milioni 2.4.

Kwao hiyo ni ibada kwanza, na utafiti baadaye. Wanaamini kuwa familia inaendelea baada ya kifo, na kwamba aliyekufa anaweza kubatizwa kwa niaba kupitia mtu aliye hai. Ili ubatizwe kwa niaba ya babu yako, lazima umjue kwa jina. Hapa ndipo penye mgogoro, na nitaurudia.

Lakini kamera hupiga picha kile kilichoandikwa tu. Uingereza, parokia ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu mwaka 1538. Sweden, sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliwataka wachungaji waandike waumini wao. Mjukuu wa mkulima wa Kiswidi asiye na hata shamba anaweza leo kumpata bibi yake wa karne ya 17, kwa jina, na siku aliyozikwa.

Nasi tuliandika. Habari za Kilwa ziliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na Mreno João de Barros akachapisha namna yake ya habari hizo mwaka 1552. Ila zile ni nasaba za masultani: fulani bin fulani, alitawala miaka kadhaa, akafuatiwa na mwanawe. Mkulima hayumo, na mwanamke ni nadra kumwona.

Kisa mashuhuri kuliko vyote ni cha Mshirazi aliyekinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Jinsi nilivyosimuliwa mimi utotoni, mwenye kisiwa alikuwa Mrimba, na yule mgeni akamwoa binti yake. Mrimba anatajwa, mgeni anatajwa, hata nguo zinatajwa. Binti, ambaye tumbo lake ndilo lililozaa ufalme, anabaki kuwa binti Mrimba.

> *Mrimba anatajwa, mgeni anatajwa, hata nguo zinatajwa. Binti anabaki kuwa binti Mrimba.*

Kabati la hitima

FamilySearch wamekwishatambua kwamba Afrika haitapatikana kwa kupiga picha vitabu pekee. Katika nchi kadhaa, zikiwemo Ghana, Nigeria na Kongo, wana kazi ya kuwatembelea wazee vijijini na kuwarekodi wakitaja koo zao. Ni kazi njema na ya haraka, kwa sababu kila mzee anayezikwa anakwenda na majina ambayo hayako pengine popote.

Niliposikia darasa moja likisisitiza kwamba kila nyumba ina hifadhi yake hata kama haiiti hivyo, nilifikiria kabati la shangazi. Chini ya sanduku la juzuu kuna karatasi ya hitima. Wasomaji wa pwani wanaijua: orodha ya marehemu wa nyumba wanaorehemewa siku ya kisomo, iliyonakiliwa na kunakiliwa tena kila karatasi ya zamani ilipochakaa. Ya kwetu ina majina 43. Nikaihesabu pale pale huku Salt Lake City ikiendelea kusema.

Wanaume wote wana majina mawili au matatu. Wanawake 12 wameandikwa kwa majina yao. Waliobaki ni Mama fulani, Bibi wa nyumba ya bondeni, Bi Mkubwa, Bi Mdogo. Mtu amerehemewa kila mwaka kwa miaka sitini bila jina lake kutajwa. Sitaki kuwalaumu walioandika. Kutomwita mwanamke mzima kwa jina lake ilikuwa adabu, na ni adabu mpaka leo. Lakini adabu hiyo, ikivuka vizazi vitatu, inafanya kazi ya kifutio.

Masimulizi nayo yana hatari zake. Wengi tuliokulia kwenye televisheni za miaka ile tunamkumbuka Kunta Kinte. Alex Haley alichapisha kitabu chake, Roots, mwaka 1976, na sehemu kubwa ya nguvu yake ilitoka kwa mzee wa kijiji cha Juffure, Gambia, aliyemsimulia ukoo wa Kinte. Wanahistoria waliofuata nyayo zake baadaye walitilia shaka ushahidi ule: mzee alikwishajua mgeni anatafuta nini kabla hajafungua kinywa. Kwa hiyo ukimrekodi mzee, andika pia nani alimwambia, lini, na wewe ulimuulizaje. Swali lenye jibu ndani yake humfundisha mzee cha kusema.

Mifupa ya Kilwa yasema

Mabanda yenye shughuli kubwa kwenye maonesho haya ni ya vinasaba. Kiswahili kimelitengeneza neno hilo kutoka kwenye nasaba yenyewe, na sidhani kama lipo neno linalofaa zaidi. Unatema mate kwenye kichupa, unakituma, na baada ya wiki kadhaa unaletewa ramani.

Binamu yangu aliyeko Canada alifanya hivyo mwaka juzi na kuitupia ramani yake kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Sehemu kubwa ilikuwa rangi moja iliyofunika nusu ya mashariki na kusini mwa Afrika. Kipande kidogo kilikuwa Uarabuni. Watu wakapongezana kwa kile kipande kidogo. Ile rangi kubwa haikuandikiwa neno.

Ramani hizo zina kasoro ya kisayansi pia. Kampuni hulinganisha mate yako na ya watu walio kwenye hifadhi yao, na watu wa Afrika Mashariki katika hifadhi hizo ni wachache. Jibu linakuwa pana mno: mashariki, kusini, Kibantu. Mtu hawezi kutoka hapo akasema yeye ni Mngindo au Mmakua.

Ushahidi wenye uzito zaidi umetoka ardhini. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale wa pwani yetu na bara la karibu, uliowashirikisha Mkenya Chapurukha Kusimba na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mifupa ilitoka Mtwapa, Manda na Faza, na kwa upande wa Tanzania Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Watu wa miji hiyo waliishi kati ya miaka ya 1250 na 1800.

Matokeo yaliwagusa wote waliowahi kubishana juu ya Ushirazi, yaani madai ya asili ya Uajemi. Kwa miongo mingi wasomi walikiona kisa cha Washirazi kama pambo la watu waliotaka kujipa asili ya mbali. Mifupa ikasema kisa kina ukweli ndani yake: kuanzia karibu mwaka 1000 watu wa pwani walichanganyika na watu wa Asia, na asili hiyo ya Asia kwa sehemu kubwa sana ilikuwa ya wanaume kutoka Uajemi. Baada ya mwaka 1500, Uarabuni ikaongezeka.

Wengi waliishia kusoma hapo. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niinuke kitini. Katika wengi wa wale waliopimwa, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, na asili hiyo iliingia hasa kupitia akina mama. Ipo sehemu ya vinasaba ambayo mtu hurithi kwa mama tu, wala baba hana mchango. Huko ndiko binti Mrimba alikojiandika mwenyewe. Masultani walimwacha nje ya kitabu, naye akabaki ndani ya mifupa yao.

> *Masultani walimwacha nje ya kitabu, naye akabaki ndani ya mifupa yao.*

Suria na watoto wake

Kwa nini basi hatuwajui? Adabu ni sehemu moja ya jibu. Sehemu nyingine ndiyo inayowafanya wazee wabadilishe mazungumzo.

Kilwa Kivinje ya karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa ya watumwa wa kusini. Misafara ilishuka kutoka pande za Ziwa Nyasa ikiwaleta Wanyasa, Wayao, Wamakua, Wangindo. Soko la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini biashara ya magendo iliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo. Zanzibar ilifuta hadhi ya utumwa mwaka 1897, na amri ile ikawaacha nje masuria. Wao walingoja hadi mwaka 1909. Huku bara, Wajerumani hawakuufuta kabisa, walitamka tu kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Waingereza ndio waliofuta kisheria mwaka 1922.

Sheria ya Kiislamu ilimpa mtoto wa suria hadhi kamili. Alikuwa mwungwana kama baba yake, alirithi, alibeba jina la baba. Ilikuwa rehema kwa mtoto. Kwa mama ilikuwa mwisho wa habari yake, kwa sababu kila kilichomfaa mtoto kilitoka upande wa baba, na kila kilichoweza kumdhuru kilitoka upande wa mama. Mtoto akajifunza kunyamaza. Mjukuu hakuambiwa. Kitukuu hakujua kuwa kuna la kuuliza.

Jambo moja halikuwahi kunipitia kichwani mpaka nilipokaa usiku ule na daftari. Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wanyanja ni watu wanaohesabu ukoo kwa mama. Kwao mtoto ni wa tumbo. Yule msichana aliyefikishwa Kivinje na kamba shingoni alitoka kwenye kijiji ambako jina la bibi yake ndilo lililokuwa mlango wa kila kitu, mashamba, ndoa na matambiko. Akaingia kwenye mji ambako jina la mama halikuandikwa mahali popote. Alipoteza nyumba yake, kisha akapoteza na njia ya kuihesabu.

Wapo waliokataa kunyamaza. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 na akamtaja mama yake kwa jina, Jilfidan, suria wa Kicherkesi. James Mbotela, aliyezaliwa Frere Town, Mombasa, na wazazi waliokombolewa, aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, na hakuona haya kueleza watu wake walitoka wapi. Mmoja alikuwa binti wa mfalme, mwingine mwalimu wa misheni. Ni vizuri watoto wetu wawajue wote wawili.

Nani ashike daftari?

Hoja ya kwanza ya wanaopinga majina haya kuandikwa ni ya shangazi mwenyewe. "Ukifukua utapata mifupa," aliniambia usiku wa pili. "Wewe utaandika gazetini uende zako. Huku mtoto wa fulani anaposwa, watu wanaambiana yule ni mjukuu wa mtumwa." Si hofu ya kubuni. Kwenye posa za pwani neno hilo bado linavunja ndoa, hata likisemwa pembeni. Nimemjibu kwamba aibu ni ya aliyekamata na aliyeuza. Hakunibishia, ila nilimwona hakuridhika, na ninaelewa kwa nini: mimi sina binti wa kuozesha.

Hoja ya pili ni ya dini. Mwislamu anayemrekodi mama yake ana haki ya kujua kwamba majina yakiingia kwenye mti wa FamilySearch, jamaa wa imani yao anaweza kuyatumia kwa ibada zao. Kanisa Katoliki lilikwishatahadhari: mwaka 2008 Vatican iliwaagiza maaskofu wasiwape Wamormoni vitabu vya parokia wavinakili. Wayahudi nao walifikia makubaliano na kanisa hilo mwaka 1995, baada ya kugundua kuwa waliouawa na Wanazi walikuwa wakibatizwa kwa niaba. Wenyewe kanisani wanasema ubatizo ule haumlazimishi marehemu, na kwamba muumini anatakiwa apeleke majina ya mababu zake mwenyewe tu. Nawaheshimu kwa kazi yao na kwa kuifungua bure. Lakini ruhusa ya ukoo lazima iombwe kabla, kwa lugha ambayo mzee anaielewa.

Hoja ya tatu ni ya usiri. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa kampuni ya vinasaba ya 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Neno la siri likiibwa unalibadilisha. Vinasaba vikiibwa havibadilishiki, na ni vya ndugu zako pia. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Anayetuma kichupa nje kwa sababu ya ofa ya maonesho azisome kwanza.

Kwa upande wa pili, wanaotaka majina yaandikwe hawatafuti sifa tu. Jirani zetu wa Kenya wamelipia kukosa karatasi. Wamakonde wa Kwale waliishi huko kwa vizazi wakiwa hawana nchi, hadi walipotambuliwa baada ya kuandamana kwenda Nairobi mwaka 2016. Wapemba wa pwani ya Kenya walingoja hadi mwaka 2023. Na kwa miaka mingi kijana wa jamii za mipakani aliyeomba kitambulisho alihojiwa juu ya baba na babu zake kwa namna ambayo kijana wa Nyeri hakuhojiwa, utaratibu ambao Rais William Ruto alitangaza kuufuta Februari 2025. Kwa watu hawa mti wa ukoo ulikuwa tofauti kati ya kuajiriwa na kutoajiriwa.

Kuna na mirathi. Wanasheria hawahitaji kuambiwa ni kesi ngapi zinakwama kwa sababu hakuna anayeweza kuonyesha nani ni mtoto wa nani.

Hukumu yangu ni hii. Majina yaandikwe, yote, yakiwemo yale yanayouma. Lakini nakala ya kwanza ibaki mikononi mwa ukoo wenyewe, kwenye daftari na kwenye simu za watu wasiopungua watatu. Kinachokwenda Utah, au kwa kampuni ya vinasaba, kiende baada ya ukoo kukaa na kukubaliana. Vyuo vyetu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam na Zanzibar, wangeweza kuandaa siku kama hizi hapa kwetu, watu wakaja na karatasi za hitima, vyeti vya ubatizo, hati za mashamba na wazee wao, zikapigwa picha pale pale na kurudishwa mkononi mwa mwenyewe. Jambo hilo halihitaji ukumbi wa Salt Palace. Uwanja wa shule unatosha.

> *Nakala ya kwanza ibaki mikononi mwa ukoo wenyewe.*

Usiku wa tatu

Usiku wa mwisho umeme ulikatika Magomeni, intaneti ikaondoka nao. Nikafunga kompyuta. Shangazi akawasha taa ya simu, akaiegemeza kwenye birika, akaniambia nilete daftari.

Akaanza na yeye mwenyewe, kama walivyofundisha kule Utah, ingawa hakuwa akitazama. Jina lake, jina la mama yake, jina la mama wa mama. Kisha akahamia upande wa baba, akafika kwa mama wa baba yake, ambaye ndiye pia mama wa babu tuliyemzika. Bi Mkubwa. Akalitaja jina lake papo hapo, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Amelijua miaka yote. Siku ya maziko alikuwa nyumbani na wanawake wenzake, na hakuna mwanaume aliyetuma mtoto kwenda kuuliza. Ameniomba nisilitie gazetini, na sitalitia. Limeandikwa kwenye karatasi ya hitima, juu ya lile neno la zamani.

"Na mama yake Bi Mkubwa?"

Akanyamaza muda mrefu. Aliwahi kumwona akiwa mtoto mdogo sana, kikongwe aliyekaa upenuni akisuka ukili na kuimba kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Watoto walimcheka. Wakubwa waliwakanya watoto bila kueleza kitu.

"Tulimwita Mnyasa," alisema. "Kila mtu alimwita hivyo."

Nikaandika. Hilo si jina, ni jina la walikomtoa. Kwenye ukurasa wa kushoto wa daftari nina baba saba. Kulia nina mama watatu, kisha Mnyasa, kisha mistari mitupu.

Kama una mzee nyumbani, mwanamke au mwanaume, muulize wiki hii jina la mama wa mama yake, uliandike na tarehe uliyoambiwa. Na kama katika ukoo wenu, kuanzia Kilwa hadi Mangochi, Malawi, kuna habari ya msichana aliyechukuliwa na hakurudi, andikeni jina lake pia.